Frontiere Iko Namuna Gani?

Kwenye matanga ya Mama Mapendo, mwezi uliopita, kamati ya mazishi ilibandika ratiba kwenye mti wa hema, na mstari wake wa kwanza ulisema: saa tatu kamili, levée ya mwili. Nilisimama mbele ya karatasi ile kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa shemasi ambaye sufuria za maharagwe zinamngoja. Msichana mmoja wa kamati akanisogelea kwa heshima, kama kwa bibi yake. "Koko, hauone muzuri? Nikusomee?" Nikamshukuru, nikamwambia naona. Neno lile la Kifaransa kila mtu wa Uvira analijua leo: levée ndiyo ile saa maiti inapotolewa na kuondolewa, na mahali ilipokuwa panabaki patupu. Hata mama anayeuza mihogo kando ya barabara analijua. Mimi nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa kwanza kwa Kifaransa katika shule yetu, na nililijua nikiwa nimechelewa siku tatu.

Chini ya hema wanaume walikuwa wanaendesha dunia. Kila mmoja na simu yake, na kila simu na vita yake. "Bazee, musikilize," alisema mmoja aliyevaa miwani ya jua ndani ya kivuli, "ile vita ya kule Bulaya haitaisha. Minye nilishabaambia tangu zamani." Mwenzake akamuuliza, "Weye? Ulibaambia banani?" "Nilibaambia mu groupe." Wakacheka, wakaendelea. Wakatoka Ulaya wakaenda China, wakatoka China wakaenda mwezini, na kote huko walikuwa na ushauri wa kutoa. Saa mbili nzima nilipita katikati yao na sahani, na sikumsikia hata mmoja akiuliza marehemu aliugua nini. Mungu anisamehe, niliwadharau. Nimefundisha subira kwa akina mama wa kanisa kwa zaidi ya miaka thelathini, kila asubuhi namshukuru Mungu kwa pumzi aliyoniazima, na bado nikiwaona watu wa namna ile midomo yangu inajikunja yenyewe. Lakini siwadharau kwa kuwaona kwa mbali. Ninawajua kutoka ndani. Kabla hawajazaliwa, hapa hapa mtaani Songo, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao wote.

Mwaka ule nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, nami nilikuwa finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, yule anayengojea mtihani wa taifa na kwa sababu hiyo anatembea kama mtu ambaye tayari ameshaitwa mjini Kinshasa kutoa maoni. Nilikaa kwa Mama Mapendo, mjane ambaye hakuwa na undugu nami, na chumba sikukilipia. Mume wake alikuwa amemwachia radio, naye hakujua Kifaransa. Siku niliyofika na sanduku langu la bati alikuwa anaanua mihogo iliyokauka, na masharti alinipa bila kuinua kichwa. "Chumba ni yako. Utateka maji, utanisaidia ku jiko, na kila saa saba utanisikilizia hii radio uniambie inasema nini. Ni ile tu. Inasema, inasema, minye sisikie kitu. Njo sawa kuishi na mugeni mu nyumba." Nikakubali haraka, nikijiona nimempunja. Kuteka maji ilikuwa kazi. Kusikiliza radio ilikuwa heshima. Jioni ile nilipanga vitabu vyangu juu ya magunia ya mihogo yaliyofika hadi dirishani, na chumba kizima kilinuka ule uchachu wake unaoingia mpaka kwenye nguo za Jumapili. Kitanda kilikuwa cha Mapendo, binti yake wa pekee, aliyekuwa ameolewa Bujumbura miezi michache kabla. Ukutani, usawa wa mto, alikuwa amechonga jina lake kwa msumari mara tatu, na mara zote tatu herufi p ilitazama upande usio wake. Niliona kosa lile usiku wa kwanza, nikacheka. Mtu wa sekondari lazima acheke kosa la mtu wa msingi. Ndiyo elimu tuliyokuwa nayo.

Radio ilikula mawe, ndivyo tulivyoita betri, kama mtoto anavyokula karanga. Yakichoka tuliyaanika juani juu ya paa la jiko yapate nguvu kidogo, na yakifa kabisa tuliyavunja, tukatwanga ule unga mweusi wa ndani pamoja na majani ya viazi vitamu, tukapaka ubao wa shule. Nilichukua sehemu ya unga ule nikapaka mlango wa jiko wa Mama Mapendo, na juu yake nikaandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: HABARI ZA DUNIA. Njia ya kwenda ziwani ilipita hapo. Saa saba kasoro watu walianza kukusanyika: akina mama wenye ndoo, fundi wa viatu, walimu wawili wa shule ya msingi. Mimi nilitoka shule mbio, nikiwa bado na sketi ya bluu na blauzi nyeupe, nikaketi kwenye kigoda, nikabana sikio, na taarifa ikiisha nikasimama kuandika. Kisha nilieleza. Nilieleza bei ya mafuta ya Waarabu, nikaeleza bomu la atomu, nikaeleza uchaguzi wa nchi ambazo hata kwenye ramani ya darasa panya alikuwa amezila. Neno nililolijua nilitafsiri. Nisilolijua nilitafsiri pia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Katika mwaka mzima sikumbuki kusema "sijui" hata mara moja. Wakaanza kuniita Radiyo, na jina lile lilinishibisha kuliko bugali na sombe, kisamvu chetu, aliyonipakulia Mama Mapendo, yenye mawese mengi na ndagala wa kukaanga juu yake, chakula ambacho leo hii ningetembea kwa miguu mpaka Mulenge kukipata kwa mkono wa yule aliyekipika.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka, sisi mafinalisti sita tulijifungia darasani katika chama chetu tulichokiita Serkle. Prefe, mkuu wa shule, alitusifu mbele ya wageni. Siwezi kukumbuka mikutano ile bila kuona haya masikioni. Tulijua majina ya mawaziri wa Ufaransa na kama wamegombana. Tulipiga kura, mikono juu, kulaani vita moja ya mbali, tukaandika azimio, tukaligonga muhuri uliochongwa kwenye kiazi. Wiki ile ile kipindupindu kiliingia mtaa wa nyuma ya shule, na mmoja wetu alipouliza kama twende kuchemsha maji kwa wagonjwa, mwenyekiti alijibu kwamba hilo halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Mmoja tu kati yetu hakupenda kusema. Aliitwa Zawadi, wa kijiji cha Makobola, aliyeishi kwa shangazi yake mjini. Baba yake alikuwa mlinzi wa chumba cha maiti katika hospitali moja ya misheni, na kwa ajili hiyo tulimwachia nafasi pana kwenye benchi. Alikuwa na daftari moja ambalo aliandika maneno yote asiyoyajua, na tulimcheka kwa kuwa lilikuwa limejaa.

Sasa, Mapendo alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza ni ya mama mzazi: yeye ndiye anayekwenda kumkalia binti yake, kumpikia uji, kumkanda tumbo, kumpokea mtoto. Mama Mapendo alikuwa ametayarisha kikapu tangu mvua za kwanza: unga wa mtama, chupa ya mawese, ndagala waliokauka, kitenge kipya cha kubebea. Kisha mpaka wa Burundi ukafungwa. Sababu zilikuwa za wakubwa, na mimi nilizieleza mlangoni kwa ufasaha mkubwa. Kutoka Songo mpaka kizuizi cha Kavimvira si mbali, na Bujumbura ukiwa juu kidogo unaiona kwa macho ng'ambo ya maji, lakini ilikuwa kama imehamishwa. Mara mbili watu walimwambia umefunguliwa. Mara mbili alikwenda na kikapu kichwani, na mara mbili askari walimrudisha. Mara ya pili walimwaga unga wake barabarani wakitafuta magendo. Aliporudi siku ile alikuwa ameungua jua hadi midomo imepasuka. "Siendi tena juu ya maneno ya batu," alisema. "Nitaenda siku radio itasema. Radiyo, umesikia? Weye njo utaniambia." Kuanzia hapo, kila saa saba, kabla sijaandika neno, aliuliza lile lile, mpaka ukoje, mkono ukiwa umeshika mwiko: "Frontiere iko namuna gani?" Na mimi nikamjibu: "Ingali imefungwa, Mama." Akageuka kusonga bugali.

Ilikuwa Jumanne. Habari ya mpaka ilikuja mwisho, kwa ufupi, baada ya mambo makubwa yaliyonivutia zaidi. Msomaji alisema kwamba nchi mbili zimekubaliana juu ya levée ya hatua za kufunga mpaka, kuanzia siku ile. Mama Mapendo alikuwa tayari amesimama. Alikuwa na viatu miguuni tangu asubuhi, kwa kuwa mtu alileta ujumbe kwamba Mapendo amefikisha siku zake. Na mimi, ambaye kila asubuhi shuleni nilisimama mbele ya lever ya bendera na kuiona ikipanda, nilijua bila shaka yoyote levée ni nini. Ni kuinua. Niliandika kwa chaki: KUFUNGWA KWA MPAKA KUMEINULIWA. Nikawageukia watu nikaeleza, mkono wangu ukipanda hewani kama bendera: "Bameinua, maana yake bameongeza. Sasa bamekaza kabisa." Mama Mapendo aliingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, ncha zake zikielekea mlangoni.

Alasiri Serkle ilikuja kujisomea kwetu, na Zawadi akasimama mbele ya mlango wa jiko. Alisoma mara mbili. Kisha akauliza radio ilitumia neno gani, nikamwambia. "Nabintu," alisema, hakuniita Radiyo, "levée hapa si kuinua. Baba iko anatumika ku morgue. Bakitosha mufu, banasema levée ya corps. Ni kuondoa. Bameondoa ile kufunga."

"Weye wa Makobola," nikamwambia, "Kifaransa ulifundishwa na bafu?"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gunia. Zawadi hakuondoka. "Tuende tuangalie mu diksionere ya Prefe," alisema. "Haiko mbali." Mama Mapendo akatoka ndani kwa kusikia kelele. "Anasema nini huyu mutoto?" Ningeweza kumwambia. Lilikuwa jambo la sentensi moja. "Anasema maneno ya maiti, Mama," nikajibu. Uso wake ukabadilika. Mwanamke ambaye binti yake anangojea uchungu hataki jina la maiti litajwe uani kwake, na nilijua hivyo nilipolitaja. "Ayi, mwanangu, hapana," akamwambia Zawadi bila hasira. "Usilete kufa hapa. Mapendo iko na mimba." Zawadi akafunga daftari lake, akasema, "Unisamehe, Mama," akaenda. Nami nikaendelea na somo, kwa furaha ya mtu aliyeshinda.

Kesho yake asubuhi mchukuzi wa ndagala aliteremka kwenye kinga yake, baiskeli iliyofungwa mizigo pande zote, akapiga kelele kutoka barabarani: "Mama Mapendo! Bamefungua! Minye natokea kule sasa hivi!" Nilikuwa najifunga kamba za viatu vya shule. Nilimuuliza kama alisikiliza radio. "Radio ya nini? Minye nilipita na kinga yangu!" Nikamwambia Mama Mapendo kwamba wachukuzi wana njia zao za magendo, na ndio hao hao waliomdanganya mara mbili. Alinitazama mimi, akamtazama yule mtu mwenye matope ya ng'ambo kwenye magurudumu. Alikuwa mtu wa neno lake: alikwisha sema ataamini nani. "Aksanti, baba," akamwambia mchukuzi. "Nitangojea radio."

Siku hiyo na siku iliyofuata mawe yalikuwa yamechoka, na radio ilikoroma tu.

Ijumaa saa saba, watu wakiwa wameanza kukusanyika, aliingia uani shemeji ya Mapendo, ndugu wa mume wake, kofia mkononi. Hakukaa alipopewa kigoda. Mama Mapendo alimtazama, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya mtoto wala mama. "Ulipita wapi?"

"Ku frontiere, Mama. Iko wazi tangu Jumanne." Kisha akasema lililomleta. Mapendo alishikwa na uchungu Jumatano, akafa Alhamisi asubuhi, na mtoto pamoja naye. Siku nzima alikuwa anauliza mama yake yuko wapi. "Tulimuambia uko njiani," alisema yule shemeji. "Tulijua uko njiani, Mama. Batu boote balikuwa banapita."

Mama Mapendo aligeuza uso, akautazama mlango wa jiko, zile herufi zangu kubwa ambazo hakuweza kuzisoma, akazitazama kwa makini kama mtu anayezisoma. "Radiyo," akasema taratibu, "unipatie bilatu byangu." Nikaingia, nikapiga magoti, nikavitoa viatu vyake chini ya kitanda. Alivaa, akaacha kikapu, akaenda.

Wiki ile nilikwenda peke yangu kwa Prefe, nikaomba kamusi. Maana ya kwanza ya lever ilikuwa yangu. Maana ya Zawadi ilikuwa chini sana katika safu, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Nilijaribu kufuta mlango wa jiko kwa majivu na mchanga. Chaki ilitoka, weusi haukutoka. Nilifunga sanduku langu nikangojea kufukuzwa. Mama Mapendo alirudi siku ya tisa, kichwa kimenyolewa. Alisonga bugali, akapakua sahani mbili, akaketi mbele yangu. Nilifungua kinywa kuomba msamaha, lakini alinitangulia. "Frontiere iko namuna gani?"

"Iko wazi, Mama."

"Ee," alisema. "Minye nilipita." Akala, na mimi nikala, kwa kuwa hakuondoa macho kwenye mkono wangu mpaka nilipomaliza.

Nililala katika kitanda cha Mapendo mpaka mwisho wa mwaka, uso ukutani, mbele ya zile p tatu. Mtihani wa taifa nilifaulu. Kwa Kifaransa nilipata alama ambazo Prefe alizisoma mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi na watu ambao hawakujua wanapigia nini. Zawadi alifaulu kwa shida na akawa mkunga, kwa hiyo amefanya kazi duniani. Mimi nilimtafuta Mungu, na namshukuru kwamba hakunipokea kwa ajili ya alama. Uchambuzi wa mambo ya dunia niliuacha kabisa, si kwa sababu dunia haina maana, bali kwa sababu niliona mimi ninavyofanana na mtu mwenye jibu. Ndiyo maana siwezi kuwavumilia wale wa chini ya hema. Kila mmoja ana mlango wake mweusi mfukoni.

Kwa miaka arobaini na zaidi Mama Mapendo aliniuliza swali lile. Kanisani baada ya ibada, sokoni, kwenye harusi yangu mbele ya wakwe: "Radiyo, frontiere iko namuna gani?" Watu walidhani ni mzaha wa zamani, wakacheka. Sikujua kamwe kama ni mzaha au kisu, na sikuthubutu kuuliza. Niliitika tu, "Iko wazi, Mama," naye akasema, "Ee." Msamaha niliouomba kwa Mungu kila siku, kwake sikuuomba hata mara moja. Shemasi!

Alipolazwa, nilikwenda kumwona alasiri, na nilikwenda nikiwa nimeazimia. Nilimshika mkono, nikasema yote: neno, bendera, Zawadi, maiti niliyoitaja kusudi. Aliniacha nimalize. Alikuwa amekauka kama ndagala, lakini macho yalikuwa yale ya uani. "Ile yote nilijua," alisema. "Zawadi aliniambia zamani. Minye nilikuwa nangojea useme weye." Akavuta pumzi kidogo kidogo. "Sasa, Radiyo. Frontiere iko namuna gani?"

Nimewaambia wagonjwa wengi kwamba mlango wa mbinguni uko wazi. Nina maneno yake tayari, mazuri, yanatoka yenyewe. Siku ile hayakutoka.

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Minye siyapita bado. Nasadiki tu bale balipita."

Alicheka, bila sauti, mabega tu. "Leo njo umesikiliza," alisema. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlango. "Unipatie bilatu byangu."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, ncha zake zikielekea mlangoni. Nikapiga magoti, nikamvalisha.